Acheni kuwaambia "weka global"!

Najua nimepotea wiki mbili, testi zilifuatana kama daladala za asubuhi na sikuwa na la kuandika zaidi ya kulalamikia usingizi. Leo nina la kulalamikia la maana. Wale mnaosoma ualimu pamoja na kompyuta, hii ni yenu. Wale wa Kiswahili na Historia nanyi msikimbie, nitakwenda taratibu na kodi zenyewe ni fupi (kodi za programu jamani, siyo za TRA).

Ugomvi wangu ni na maneno mawili tu: "weka global". Nimeyasikia maabara, nimeyasikia semina, nimeyasikia kwenye vimbweta saa sita usiku. Mtu wa mwaka wa kwanza amekwama, kwenye kioo kuna maandishi mekundu, anatokea mwenzake au msaidizi wa mhadhiri, anachungulia sekunde tano, "weka global hapo juu", programu inakwenda, anaondoka anatembea kama daktari bingwa. Aliyebaki kwenye kiti hajui alikuwa anaumwa nini wala dawa imefanya nini.

Kilichonitibua ni mdogo wetu mmoja hapa bwenini. Mwaka wa kwanza, kichwa cha hesabu kizuri tu, hesabu za sekondari zilikuwa hazimsumbui. Juzi kachukua fomu ya kubadilisha somo, anataka kuacha kompyuta aende Jiografia. Nikamuuliza kulikoni. "Dada, kompyuta imenikataa." Eti aliulizwa mbele ya wenzake kama hata kitu kidogo hivi hakioni. Sina ugomvi na Jiografia, lakini mtu asiende huko kwa kufukuzwa. Nikamwambia alete hiyo kodi. Hii hapa:

alama = 0

def ongeza():
    alama = alama + 1

ongeza()
print(alama)

Kwa msiojua: hii ni lugha ya Python. "alama" ni variabo, yaani jina lililopewa thamani, hapa sifuri. "ongeza" ni funksheni, yaani kikundi cha maagizo chenye jina lake, ukilitaja jina maagizo yanatekelezwa. Alitaka alama iongezeke moja. Mtu yeyote akisoma anaelewa nia. Python ikamjibu hivi:

UnboundLocalError: cannot access local variable 'alama' where it is not associated with a value

Yaani huwezi kuifikia variabo ya lokali "alama" mahali ambapo haijapewa thamani. Toleo za kabla ya Python 3.11, iliyotoka 2022, zilisema hilohilo kwa maneno mengine, kwamba variabo ya lokali imetajwa kabla ya kupewa thamani.

Sasa jiwekeni kwenye kiti chake. Anaambiwa hajaipa thamani. Anaangalia mstari wa kwanza kabisa, anaona sifuri pale, imekaa, haina wasiwasi. Kaipa thamani! Na wiki ya kwanza ya muhula aliandikiwa ubaoni, akanakili kwa kalamu nyekundu, kwamba kompyuta husoma programu mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini. Kwa hiyo kwa mujibu wa daftari lake, ilipofika kwenye funksheni ilikuwa imeshapita kwenye sifuri zamani. Hoja yake haina tundu hata moja. Kafikiri vizuri kuliko aliyemcheka. Tatizo ni ile sentensi ya ubaoni, ni nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ukimpa mtu anayefikiri sawasawa atafika pabaya sawasawa.

Nusu nyingine nitaieleza kwa ndoo, maana wote tunakaa hosteli.

Ukiwa chumbani ukasema "nipe ndoo", unaangalia kwanza chumbani. Haipo? Unatoka koridoni, kuna ile ndoo ya wote. Hiyo ndiyo kawaida, na Python iko hivyohivyo: ukitaja jina ndani ya funksheni, litatafutwa ndani kwanza, halafu nje. Ndiyo maana hii inafanya kazi bila shida:

alama = 0

def onyesha():
    print(alama)

onyesha()

Chumbani hakuna alama, ikaenda koridoni, ikaikuta, ikachapisha 0.

Lakini kila chumba kina orodha ya mali imebandikwa mlangoni. Na orodha haiandikwi kadiri vitu vinavyoingia. Matron anasoma ratiba yote ya chumba kabla siku haijaanza, mwanzo hadi mwisho, na akiona popote imeandikwa "ndoo italetwa", hata kama ni saa tatu usiku, anaandika ndoo kwenye orodha. Tangu hapo ndoo ya chumba hicho ni ya chumba hicho, kutwa nzima. Ukiihitaji asubuhi utaambiwa haijafika. Ya koridoni je? Hapana, nyie mna yenu, si iko kwenye orodha!

Huo ndio ujumbe wenyewe wa hitilafu. Python kabla ya kuendesha funksheni hata mara moja huwa imeshaitafsiri yote, na jina lolote linalopewa thamani popote ndani yake linahesabiwa kuwa la humohumo, kuanzia mstari wa kwanza wa funksheni hadi wa mwisho. Kupewa thamani ndiko kunakoandika orodha. Rudini kwenye kodi ya mdogo wetu: "alama = alama + 1". Kushoto kwa alama ya usawa anaipa thamani, orodha imeshaandikwa, alama ni ya chumbani. Kulia anaitaka ili aongeze moja, na ya chumbani haipo bado. Basi. Hakuna uchawi na hakuna aliyekataliwa.

Mtaniuliza kwa nini wasiiache ichukue ya koridoni mpaka ya chumbani ifike. Kwa sababu jina moja lingekuwa na maana mbili ndani ya funksheni moja, mstari wa pili ni ya nje, mstari wa tano ni ya ndani, na msomaji hana namna ya kujua kwa kuangalia. Afadhali ipige kelele.

Na ukitaka kumfanya mtu asisahau, chukua ile "onyesha" iliyokuwa inafanya kazi, ongeza mstari mmoja chini:

def onyesha():
    print(alama)
    alama = 5

Iendeshe. Hitilafu itatokea kwenye print, mstari ambao dakika moja iliyopita ulikuwa mzima na hujaugusa! Aliyeharibu yuko chini, anayelaumiwa yuko juu. Mtu anayeamini "juu kwenda chini" hawezi kuielewa hii hata akeshe. Mimi ningekuwa mhadhiri hili ndilo lingekuwa somo la kwanza la skopu, kabla ya maana, kabla ya kila kitu. Iharibuni wenyewe halafu tuulizane kwa nini.

Badala yake tunapewa desa. "Skopu ni eneo la programu ambamo variabo inajulikana." Sawa. Halafu "zipo aina mbili, lokali na globali, taja tofauti nne". Tunakariri nne, tunazimwaga kwenye karatasi ya mtihani, tunapata zetu, tunasahau. (Na hayo majina nayo! Hapa mjini ukimwita mtu lokali umemtukana, maana yake wa kienyeji, hajaendelea. Nimekutana na mtu wa mwaka wa kwanza ambaye kwa dhati kabisa alidhani variabo ya globali ndiyo ya kiwango cha juu na lokali ni ya kuanzia. Mnacheka, lakini nani alimfafanulia?)

Sasa tuje kwenye hiyo dawa yenu. Ndiyo, ukiandika "global alama" ndani ya funksheni hitilafu inaondoka. Umemwambia matron asiandike ndoo kwenye orodha, tutatumia ya koridoni. Kwa ndoo moja hakuna neno. Angalia inavyokuwa mtu akiizoea. Huyu ni mwalimu anayetafuta wastani wa madarasa mawili, kazi ambayo sisi wote tutaifanya:

jumla = 0

def wastani(orodha):
    global jumla
    for a in orodha:
        jumla = jumla + a
    return jumla / len(orodha)

print(wastani([40, 50, 60]))
print(wastani([10, 20, 15]))

Darasa la kwanza, 150 gawa kwa 3, wastani 50. Safi. Darasa la pili ukipiga kwa mkono ni 45 gawa kwa 3, yaani 15, darasa limefeli vibaya. Programu inasema 65! Kwa sababu ile jumla ya koridoni ilikuwa imebaki na 150 za darasa la kwanza, ikaongezewa 45, ikawa 195. Na hakuna maandishi mekundu. Hakuna hitilafu. Programu imetulia kama maji ya mtungi inakudanganya. Laiti darasa la pili lingekuwa na 70, 80 na 90, ungepata wastani 130 kati ya 100, ungeshtuka. Lakini 65 nani atashtuka? Mwalimu ataandika "darasa limejitahidi" na kuwapa hongera.

Mnaona mlichofanya? Mtoto alikuwa na kosa linalopiga kelele, mkambadilishia mkampa kosa linalonyamaza, halafu mkamwambia amepona.

Na dawa halisi hapo ni kuhamisha mstari mmoja. "jumla = 0" itoke nje iingie ndani ya funksheni, global ifutwe. Kila darasa linaanza na sifuri yake. Kwa ile ya mdogo wetu pia ni fupi:

def ongeza(alama):
    return alama + 1

alama = 0
alama = ongeza(alama)

Unaipa funksheni kitu, inakurudishia kitu. Kinachoingia kinaonekana, kinachotoka kinaonekana. Nilipomwonyesha akasema kumbe ni kama f(x) ya hesabu. Ndiyo mama, ni kama f(x) ya hesabu! Alikuwa nayo kichwani tangu sekondari, hakuna aliyemwambia ni ileile.

Wala hili la globali sikulianzisha mimi. William Wulf na Mary Shaw waliandika makala mwaka 1973 kusema variabo za globali zina madhara, na mpaka kichwa cha makala kilisema hivyohivyo bila kuzunguka. 1973! Leo bado tunawagawia watu wiki ya tatu kama panadol.

Kinachoniudhi zaidi ni ile "hata hili huoni?". Jamani, skopu imewatesa wakubwa. Lugha ya Lisp ya John McCarthy, ya mwishoni mwa miaka ya 1950, ilianza na utaratibu ambao jina lilitafutwa kwa kufuata nani kamwita nani wakati programu inakwenda, siyo mahali lilipoandikwa, na matatizo yake yakaendelea miaka. Algol 60 ilikuwa na mpangilio wa kufuata mahali pa maandishi, lakini kwenye ukoo wa Lisp ilibidi kusubiri Scheme ya Sussman na Steele mwaka 1975 ndipo utaratibu huo ukashika. Python yenyewe, iliyotolewa 1991, ilikaa miaka kumi funksheni iliyo ndani ya funksheni nyingine haioni majina ya ile iliyoizunguka, mpaka toleo la 2.1 na 2.2 mwaka 2001. Neno "nonlocal" la kubadilisha majina hayo likaja na Python 3.0, 2008. JavaScript ya mwaka 1995 nayo ilikuwa na "var" isiyojali mabano ya ndani, ukiitangaza kwenye kitanzi inavuja hadi mwisho wa funksheni, na "let" ikaja kusaidia 2015. Miaka ishirini! Wabunifu wa lugha, watu wanaolipwa kufikiria jambo hilihilo, wamekosea, wamerekebisha, wamebishana. Halafu wewe unamshangaa binti mwenye wiki tatu.

Wenzangu wa elimu, sisi ndio hatuna udhuru. Tunasoma Piaget mpaka tunaota, tunaandika insha kwamba makosa ya mtoto yana mantiki yake na mwalimu aitafute. Basi itafuteni! Mwaka 1986 Benedict du Boulay aliandika kuhusu ugumu wa kujifunza programu, akasema anayeanza anahitaji picha ya mashine ya kufikirika, siyo chuma na waya bali jinsi lugha hiyo inavyotenda. Mwaka huohuo Roy Pea akaeleza kosa mama la wanaoanza: wanaichukulia kompyuta kama ina akili iliyojificha ndani inayoelewa nia ya mtu. Hilo ndilo nililoliona kwa mdogo wetu. "Si inajua namaanisha ile ya juu?" Haijui. Ina orodha tu. Lakini hawezi kuacha kuamini akili iliyojificha kama hujampa kitu cha kuweka badala yake, na "weka global" siyo kitu, ni mantra.

Najua majibu yenu, nimeshayasikia bwaloni. La kwanza, eti anayeanza anahitaji kwanza kuona programu inakwenda, asikatishwe tamaa, maelezo baadaye. Hoja hii naiheshimu kidogo. Mafanikio ya mapema yanatia moyo, kweli. Lakini baadaye hiyo mbona haifiki? Mwaka wa tatu wapo wanaoweka global kila funksheni kama chumvi, na mwakani ndio walimu. Na kumwonyesha parameta na return kunachukua dakika kumi zaidi ya kumwambia weka global. Dakika kumi ndizo za kumpoteza mtu?

La pili, eti tatizo ni Python, tungefundishwa Java au C. Java ingemkatalia mapema zaidi, hiyo ni kweli, ukitaja jina nje ya mabano yake programu haitafsiriwi kabisa, unaambiwa jina halipatikani. Lakini bado ataangalia juu, ataliona jina lake limekaa pale ndani ya mabano ya kitanzi, atasema mbona lipo! Swali ni lilelile, jina hili linaishi wapi. Kubadilisha lugha bila kufundisha swali ni kuhama nyumba na kunguni.

La tatu ni la Kiingereza, na hapa nakubaliana nusu. Ule ujumbe wa hitilafu una maneno kumi na kitu ya Kiingereza, na anayeusoma anaruka mpaka neno analolijua. Lakini nilimfafanulia maneno yote kwa Kiswahili kabla ya kumweleza habari za orodha, na bado akasema "lakini nimeipa thamani". Tafsiri haikutosha. Kilichotosha ni ndoo. Hata hivyo msiache kuwatafsiria, maana hata ndoo haiwezi kuanza kama mtu anauogopa mstari mwekundu asiusome.

Ninachotaka ni kidogo sana. Kwenye mtihani ondoeni "taja tofauti nne". Wekeni kodi mistari kumi, muulize inachapisha nini, na kila jina linaishi chumba gani. Hiyo hata kwenye karatasi inafanyika, haihitaji umeme wala foleni ya maabara. Kwenye semina, mtu akikwama, aliyepita akae chini, achore maboksi, kila funksheni boksi lake, majina ndani yake, halafu amwache mwenye kodi aonyeshe kwa kidole jina linatafutwa wapi. Na wasaidizi wa semina, kama huna dakika kumi sema huna, usiache global mezani kwa mtu.

Haya, kabla sijaenda kupanga foleni ya maji, moja ya kupimana. Isomeni kwa macho, msikimbilie kuiendesha:

bei = 100

def nje():
    bei = 200
    def ndani():
        print(bei)
    bei = 300
    ndani()

nje()
print(bei)

Inachapisha namba mbili. Ukiniambia ya kwanza ni 200, rudi koridoni ukaangalie ndoo ilikuwa na nini saa ile ndani() ilipoitwa. Ukiniambia ya pili ni 300, njoo chumbani kwangu na kalamu, tuchore maboksi. Chai utajitegemea, bumu halijaingia.